Vidole Mdomoni

Mwezi jana alinijia mwalimu kijana anayeitwa Kendi. Anafundisha darasa la pili katika shule iliyo karibu na kwangu hapa Muthara. Alikuja na mkate na pakiti ya majani chai, nikajua ana shida. Alikunywa kikombe cha kwanza, kisha akaanza kulia.

"Madam, hawa watoto hawanisikii," akasema. "Naongea mpaka sauti inaisha. Nikifika nyumbani kichwa kinapasuka. Wewe ulikuwa unafanya aje wanyamaze?"

Nilimwambia kuwanyamazisha watoto ni kazi rahisi sana. Mimi niliijua katika mwaka wangu wa kwanza wa kazi, na nusura niwaue watoto thelathini na wanne kwa ujuzi huo. Akaacha kulia papo hapo. Lakini mvua ilikuwa inakuja na boda boda wake alikuwa anapiga honi langoni, kwa hiyo hakuusikia mwisho. Ndiyo maana nimeketi kuandika, kwa ajili yake na kwa ajili yenu wengine mnaoanza kazi hii sasa. Msitarajie nifuate miaka kwa mpangilio, kichwa changu si rejista.

Ninayetaka kuwaeleza habari zake ni msichana mmoja aitwaye Marigu, ambaye karibu nimtoe shuleni kwa neno moja nililoandika kwenye ripoti yake. Nitapita njia ndefu kidogo kabla ya kumfikia.

Kwanza niwapeleke sokoni. Pale Gakoromone, Meru mjini, kulikuwa na mama mmoja muuza vitunguu. Mnalijua soko lile. Kila mtu anaita, na mwenye mkokoteni anakufokea utoke njiani kana kwamba ulizaliwa ili umsumbue. Yule mama hakuita mtu. Aliongea chini chini, na siku zote mbele yake palikuwa na watu wameinama wamsikie. Nilidhani ni maarifa makubwa ya biashara. Siku moja nikamwuliza nani alimfundisha. Akacheka. Alikuwa ameumwa koo, sauti ikamkauka wiki mbili nzima, naye akashangaa kuona anawauzia watu wengi kuliko majirani zake.

"Sauti iliporudi, mwalimu, niliiambia ikae nyumbani," akasema.

Jumatatu iliyofuata niliingia darasani nikaongea kama yule mama. Watoto walidhani ninaumwa. Mmoja alitoka mbio kwenda kumwita mwalimu mkuu. Lakini kabla ya wiki kwisha walikuwa wameinama mbele wote, wanalifuata kila neno. Ukipaza sauti unawaambia watoto kwamba hawana haja ya kujitahidi, maana sauti itawafikia popote walipo, hata wakiwa chini ya dawati wanatafuta kifutio. Ukiishusha, wao ndio watakaokuja kuitafuta. Jaribuni, na msivunjike moyo mkiitiwa mwalimu mkuu.

Jambo la pili nililijua kwa aibu. Tulitaka wazazi waje kufyeka nyasi kiwanjani. Ijumaa mchana nikasimama mbele ya darasa nikasema kwa pumzi moja: "Mwambie mama aje Jumatano saa tatu, aje na panga na ndoo, asije na mtoto mchanga kwa sababu ya vumbi, na kama mama hawezi baba aje, na wasisahau chakula." Jumatano wakaja mama watano bila panga hata moja, wawili wao wakiwa na watoto wachanga mgongoni, na baba mmoja aliyebeba sufuria ya githeri akiuliza harusi ni ya nani.

Niliwakaripia watoto, bila shaka. Baadaye nikajiuliza kama mimi mwenyewe ningeyafikisha maneno yale yote nyumbani, nikipita mtoni, nikipita kwenye mapera ya jirani. Mtoto ana mikono miwili, na kichwa chake kinabeba maneno vivyo hivyo. Tangu siku hiyo nilituma ujumbe wa mambo mawili tu, na mtoto alinirudishia kwa maneno yake kabla hajatoka mlangoni. Kesho yake nilimwuliza, "Na mama alijibu nini?" Mtoto anayejua kwamba atadaiwa jibu husikiliza shuleni na husikiliza nyumbani pia.

Hayo niliyajua nikiwa nimeshaungua. Kazi yangu ya kwanza haikuwa hapa. Mimi ni mtoto wa huku juu, kwenye kahawa na migomba, ambako mto ni maji yanayopiga kelele mwaka mzima. Nilipohitimu nilipelekwa Mbeere, nyanda za chini za Embu, kwa watu wa mbuzi, mtama na ndengu. Jua la kule lilinishangaza. Mto wao ulinishangaza zaidi kwa sababu haukuwa na maji. Ulikuwa barabara pana ya mchanga mweupe iliyolala kati ya kingo ndefu kuliko mtu mzima, na akina mama walichimba vishimo katikati yake, wakachota maji kwa kikombe na kuyapakia juu ya punda.

Aliyenipokea alikuwa Mwalimu Ireri, naibu wa mwalimu mkuu, mtu mrefu mwenye maneno machache na koti moja la mwaka mzima. Siku ile ya kwanza alinizungusha kila mahali. Alinionyesha stoo, choo, nyumba ya walimu, kisha tukasimama ukingoni mwa mto akanieleza mambo mawili matatu. Mimi nikaitikia, "Ndiyo, mwalimu. Ndiyo, mwalimu." Nilikuwa ninawaza kama nyumba ile ina nge. Tafadhali mkumbuke jinsi nilivyoitikia.

Nilipewa darasa la pili, watoto thelathini na wanne. Chuoni walikuwa wametuambia kwamba mwalimu mzuri anatambulika kwa darasa lililotulia, nami nikawatuliza kwelikweli. Nikisema "Vidole mdomoni!" kila mtoto aliweka kidole chake juu ya midomo, na hakuna aliyekitoa wala kuinuka mpaka nipige makofi matatu. Makofi matatu yakilia, wanasimama. Wakisimama, wanapanga mstari, mfupi mbele na mrefu nyuma. Mkaguzi alikuja akanisifu. Mwalimu mkuu aliwaleta walimu wenzangu wachungulie dirishani. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na nilijiona nimemaliza kazi.

Aliyeniharibia sifa ni mmoja tu, Marigu. Alikuwa msichana mwembamba aliyelelewa na nyanya yake. Kidole alikiweka mdomoni kama wenzake, lakini kichwa chake hakikunielekea. Alikiinamisha upande, macho dirishani, kana kwamba kuna mtu nje anayemsimulia kitu kizuri kuliko changu. Nilimchapa. Ndiyo, wakati huo kiboko kiliruhusiwa, na siwezi kuwadanganya kwamba changu kilikuwa pambo la ukutani. Nikamtoa dirishani nikamkalisha kando ya ukuta, naye akaugeuzia ukuta sikio. Nikamsimamisha mbele ya wote, mikono kifuani. Hakulia, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Nilipomwita asome ubaoni alinyamaza. Baada ya mara ya tatu niliacha kumwita. Muhula wa pili ulipokwisha, kwenye ripoti yake, pale pa maoni ya mwalimu, niliandika neno moja: Hasikilizi.

Shule zilipofunguliwa Septemba, nyanya yake alikuja. Alikuwa bi kizee mfupi, magoti yamevimba, ripoti ameikunja mara nne na kuifungia kwenye pembe ya leso. Hakujua kusoma. Kimeru changu na Kimbeere chake ni ndugu, hata kama hawatembeleani sana, kwa hiyo tulielewana.

"Mwarimu, hapa umeandika nini juu ya mtoto wangu?"

"Nimeandika hasikilizi, cucu." Hivyo ndivyo watu wa kule humwita kila nyanya, awe wako au asiwe wako.

"Hasikilizi," akarudia, akiitazama karatasi. "Huyu? Mbuzi akikwama nyuma ya kilima, huyu anamsikia kabla yangu."

"Hapa si kwa mbuzi, cucu. Hapa ni shule."

Aliyasugua magoti yake. "Basi sawa," akasema. "Mimi nina mbuzi kumi na saba na miguu yangu imekwisha. Kama shule haimwingii, acha amalize muhula huu, halafu nimrudishe nyumbani kabisa. Afanye ile kazi anajua."

Nami, Mungu anisamehe, nikajibu, "Hakuna neno, cucu." Sikumtetea mtoto hata kwa nusu ya sentensi. Yule bi kizee akaikunja karatasi yake akaondoka, na hivyo Marigu akabakiwa na miezi mitatu ya shule katika maisha yake yote.

Sasa, daftari zilikuwa chache, na mimi nilikuwa nimevumbua jambo nililolionea fahari. Kila Alhamisi niliwashusha watoto mtoni, chini ya ukingo penye kivuli, wakaandika mchangani kwa vijiti. Unaandika, unafuta kwa kiganja, unaandika tena. Mpaka leo nasema hakuna daftari linaloshinda mchanga. Ila mchanga ujaze kwenye ndoo uupeleke darasani.

Ilikuwa Alhamisi ya Novemba. Juu yetu mbingu ilikuwa safi, jua linachoma. Kule mbali, upande wa mlima, palikuwa peusi kwa mawingu. Nilipaona vizuri. Nikawaza tu kwamba watu wa kwetu leo wamebarikiwa.

Niliwakalisha safu nne. Vidole mdomoni, nikaanza kueleza. Marigu akainua mkono.

"Marigu, mwalimu akiongea nani mwingine anaongea?"

Akaushusha. Kichwa kikaenda upande, sasa kikielekea kule mto unakotoka. Akauinua tena.

"Kidole mdomoni!"

Akakiweka. Nikainama kuandika herufi kubwa mchangani kwa fimbo yangu. Nilipoinuka nilimwona ameshamshika mkono Wanja aliyekaa karibu naye, wanakimbilia ukingoni, Wanja anaburutwa huku kidole chake bado kiko mdomoni.

Nilishikwa na hasira ambayo hadi leo naionea haya. Nikawafuata. Nikapanda kwa njia ya mbuzi, nikamkamata Marigu bega, nikainua fimbo. Na pale juu, nikiwa nimetoka nyuma ya ule ukingo mrefu kama ukuta, nikasikia. Ilikuwa sauti ya lori lililopakia mawe, lakini upande ule hakukuwa na barabara. Akina mama waliokuwa wanachota maji mbele yetu walikuwa wameacha madebe yao na wanawachapa punda wapande juu.

Nikageuka nikatazama chini. Watoto wangu thelathini na wawili walikuwa wamekaa safu nne, vidole mdomoni, wananitazama.

"Tokeni!" nikapiga kelele. "Tokeni huko!"

Walitazamana. Sikuwa nimepiga makofi. Nikaitupa fimbo nikapiga makofi matatu, nao wakasimama vizuri sana, wakaanza kupanga mstari. Mfupi mbele, mrefu nyuma. Nawaapia, mmoja alimrudisha mwenzake nyuma kwa sababu alimzidi urefu. Nililia kwa sauti, kwa maana sikuwa na amri nyingine. Mwaka mzima nilikuwa nimewafundisha kila kitu isipokuwa kukimbia.

Marigu akanipita. Akasimama ukingoni kabisa, akaweka viganja kando ya mdomo, akatoa ule mlio ambao wachungaji wa kule huwatolea mbuzi wao pindi fisi anapoonekana, mlio mrefu unaopanda kisha unakatika ghafla. Mimi sikuwahi kuusikia. Watoto wale waliujua tangu wakiwa mgongoni mwa mama zao. Mstari ukavunjika palepale. Wakapanda ukingo kwa mikono na magoti, mkubwa akimsukuma mdogo makalio, nami nimelala kifudifudi nikiwavuta kwa mikono, kwa kola, kwa chochote nilichoshika. Wa mwisho alipofika juu, maji nayo yakafika.

Mbele yalitanguliza takataka, matawi na povu la rangi ya udongo, ukuta mzima unaojiviringisha, ukapita juu ya zile safu nne. Sanduku la chaki likaenda, na viatu vya wale wachache waliokuwa na viatu. Niliwahesabu watoto. Thelathini na wanne. Nikahesabu tena. Nilihesabu mara tano, na mara ya tano walinisaidia, wakahesabu wote kwa pamoja kama somo la hesabu.

"Ulisikia saa ngapi?" nikamwuliza Marigu.

"Ulipokuwa unaniambia kidole mdomoni, mwalimu."

Alasiri ile Mwalimu Ireri alinikuta nimekaa kizingitini. Nilitegemea anifokee, na ningeshukuru. Aliketi karibu nami na koti lake lile.

"Siku ya kwanza nilikupeleka kwa ule mto," akasema. "Nilikuambia nini?"

Nilijaribu kukumbuka. Nilikumbuka funguo za stoo mkononi mwake. Nilikumbuka niliwaza habari za nge. Maneno yenyewe hayakuwepo.

"Nilikuambia mto huu hauangalii mbingu ya hapa. Mvua ikinyesha kwenu huko mlimani, sisi tunaletewa maji bila barua. Nikakuambia, ukiona weusi kule, mtoto yeyote asishuke." Akanigeukia. "Uliitikia vizuri sana."

Ukutani mwa darasa langu nilikuwa nimebandika kwa mwandiko wangu mzuri: Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Niliibandua kesho yake. Methali ni ya kweli, sina ugomvi nayo. Ila huenda wakuu walioitunga hawakupenda kujitaja, ndiyo maana hatuna ya mkuu asiyesikia la mdogo.

Mwalimu Ireri aliniambia kitu kimoja zaidi kabla hajainuka, na hicho ndicho nilichofundishia maisha yangu yote. Aliniambia kabla sijamfundisha mtoto yeyote kusikiliza, nimsikilize mimi kwanza, kila asubuhi, dakika kumi. Kwa hiyo nikaanza. Watoto wakiingia nilikaa chini nao sakafuni nikauliza, "Leo ukija shuleni umesikia nini?" Wiki ya kwanza hawakusikia chochote, walidhani ni mtego. Wiki ya pili yakaja. Mmoja alisikia ndege anayewaita watu kwenye asali. Mwingine alisikia lori la muguka, yale majani ya kutafuna, likikwama. Mmoja alisikia baba na mama wakigombana, na hapo nikajifunza kwamba mwalimu anayesikiliza lazima pia ajue kufunga mdomo.

Zamu ya Marigu ilipofika, nilimwuliza jambo lililonisumbua mwaka mzima. "Ukikaa darasani, kwa nini unageuza kichwa?"

Alinitazama kwa mashaka. Nikaweka mikono yangu mitupu magotini aione.

"Mbuzi wa cucu wako hapo nje," akasema. "Cucu hawezi kuwafuata, anawaacha karibu na shule. Yule wa mbele ana kengele. Nikisikia imeenda mbali najua nitawatafuta upande gani." Kisha akagusa sikio la kulia. "Hili ni lako, mwalimu." Akagusa la kushoto. "Hili ni la mbuzi."

Nilimwuliza nilichofundisha wiki ile. Alinieleza somo lote bila kuacha kitu, pamoja na mzaha niliouchomeka katikati ambao nilidhani hakuna aliyeusikia. Kusoma sikumjaribu. Sikuthubutu kumsimamisha tena mbele ya ubao ule.

Hapo ndipo nilipotunga sheria zangu chache, Kendi, na ulizitaka kabla boda boda hajakuondoa. Mkono ukiinuliwa mara ya pili, acha unachosema, hata kama uko katikati ya sala. Usiulize "Mmeelewa?" kwa sababu jibu la swali hilo ni "Ndiyo" tangu dunia iumbwe, mwombe mtoto akueleze. Ukiuliza swali, vuta pumzi tatu kabla ya kujibiwa, maana anayejibu haraka mara nyingi alikuwa anasubiri zamu yake tu. Na ukiwapa watoto amri, wape pia neno la kuivunja. Darasani mwangu neno hilo lilikuwa "Ngoja, mwalimu." Mtoto yeyote angeweza kulisema wakati wowote, nami ningengoja. Hapa Muthara kulikuwa na mmoja aliyelisema mara kumi na moja asubuhi moja, yote habari za ndama wao. Nilingoja mara kumi na moja. Mara ya kumi na mbili alisema kichwa kinamzunguka, na kweli alikuwa na malaria.

Vijana wananiambia siku hizi watoto wameharibiwa na simu. Huenda. Lakini mimi naona mtoto amekaa na mzazi anayejibu "mmh" bila kuinua macho, na najua ile "mmh" ni ndugu ya "Ndiyo, mwalimu" yangu. Mtoto huiga kusikiliza kama anavyoiga kuongea.

Muhula ulikwisha. Niliandika ripoti zote, ya Marigu nikaiweka mwisho, na sikumpa aibebe. Niliipeleka mwenyewe. Nyanya yake nilimkuta uani, miguu ameinyoosha, anachambua ndengu kwenye uteo. Marigu alikuwa karibu naye, kichwa upande kama kawaida.

"Mwarimu, umekuja kunikabidhi mchungaji wangu?" akasema yule bi kizee. Hakusema kwa ubaya. Habari za mto alikuwa amezisikia, eneo zima lilizisikia, lakini mapatano yetu yalikuwa mapatano.

"Nimeleta ripoti, cucu."

"Mimi sijui kusoma, na wewe unajua sijui."

Nilifungua mdomo nimsomee. Kisha nikaufunga, nikampa Marigu karatasi. Nilijuta mara hiyo hiyo. Kama angenyamaza kama alivyonyamaza ubaoni, yule bi kizee asingehitaji neno jingine, na mimi ndiye ningekuwa nimemmaliza mtoto mara ya pili. Marigu aliitazama karatasi muda mrefu. Halafu akaweka kidole. Safari hii hakukiweka mdomoni, alikiweka chini ya neno la kwanza.

"Ma-ri-gu," akasoma. "Ma-ri-gu a-na-si-ki-li-za." Akavuta pumzi. "Mwa-li-mu ndi-ye ha-ku-si-ki-li-za."

Mikono ya nyanya yake ilisimama ndani ya ndengu.

"Nani amesema hivyo?"

"Ni karatasi, cucu."

"Soma tena."

Akasoma tena, mara hii bila kukatakata. Yule bi kizee alinigeukia. Mimi niliinamisha macho, kama mtoto anavyofanya mbele ya mkubwa.

"Ni ukweli?"

"Ni ukweli, cucu."

Aliichukua karatasi, akaikunja mara nne, akaifungia kwenye pembe ya leso. Kisha akashika fimbo yake, akaanza kuinuka, goti moja, halafu la pili. Marigu alikimbia kumsaidia, bi kizee akamsukuma kando.

"Shule ikifunguliwa," akasema, "mbuzi nitachunga mimi."

Akatoka uani polepole kwa miguu yake ile mibovu. Na katika kimya kile nikaisikia, upande wa kushoto, mbali kidogo, kengele ya yule mbuzi wa mbele. Ilikuwa imelia nje ya dirisha langu mwaka mzima.